Mchungaji, nilimwambia Mungu ni mwongo. Je, imani yangu imekufa?

"Shikamoo mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 41 na watoto wawili. Mume wangu alifariki miezi minane iliyopita. Figo zake zilishindwa kazi kwa sababu ya presha, tukahangaika miaka miwili, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tuliuza kiwanja. Nilifunga, nilikesha. Nabii mmoja akaniambia nipande mbegu ya laki sita, akatamka kwamba mume wangu amekwisha kupona. Nilikopa kwenye kikoba, kikundi chetu cha akiba na mikopo, nikatoa. Wiki ya tatu tukazika. Usiku wa kuamkia mazishi nilitoka nje peke yangu nikamwambia Mungu, 'Wewe ni mwongo.' Tangu siku ile siwezi kuomba. Jumapili nasimama kwenye kwaya, sauti ya kwanza, nafungua mdomo na hakuna kinachotoka. Wazee wa kanisa wananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Dada mmoja wa kikundi cha maombi anasema mume wangu angepona kama imani yangu isingeyumba, na kwamba nifunge siku 21 ili moto urudi. Naamka kila siku saa tisa usiku, silali tena mpaka kunakucha. Nimepungua, sketi zote zinanipwaya. Kuna usiku natamani nilale nisiamke, ila nawafikiria wanangu. Nimesoma kwamba kumkufuru Roho Mtakatifu hakusameheki. Je, ndicho nilichofanya? Imani yangu imekufa? Niache kwaya kuliko kuwa mnafiki?"

Marahaba, mwalimu. Pole sana. Nakupa pole mbili, ya kuuguza na ya msiba, maana watu wakija msibani hutoa ya pili wakaisahau ya kwanza. Miaka miwili ya kumpeleka mtu kwenye mashine, huku una darasa linalokusubiri, ilikuchosha kabla hata ya jeneza kufika.

Umeniuliza maswali matatu. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza. Umelitaja kwa sentensi moja, ukakimbilia kwingine: kwamba kuna usiku unatamani ulale usiamke. Nimekuwa mchungaji wa wagonjwa hospitalini na mshauri nasaha kwa zaidi ya miaka ishirini, na sentensi fupi kama hiyo huwa ndiyo iliyomfanya mtu aandike barua. Kuwa na wazo hilo si dhambi. Eliya aliomba kufa. Yona aliomba kufa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa "hata tukakata tamaa ya kuishi." Lakini kutamani kupumzika na kufikiria namna ya kufa ni vyumba viwili vya nyumba moja, na mlango wa katikati huwa haufungwi vizuri. Kama umeshaanza kufikiria namna, au siku, basi usimalize kusoma jibu hili. Mwite mtu mzima aje alale nawe leo, na mwende hospitali iliyo karibu, idara ya dharura, hata kama ni usiku wa manane. Na hata kama hujafika huko, dawa za marehemu zilizobaki kabatini mpe mtu azirudishe hospitali wiki hii. Usizikalie.

Sasa nije kwenye lile lililokukalia kooni, kwamba angepona kama imani yako isingeyumba.

Figo hufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Mashine hupewa saa nne hivi, mara tatu kwa wiki, ifanye kazi ya juma zima. Katikati ya zamu hizo maji na taka hujikusanya mwilini, presha hupanda, na moyo ndio unaobebeshwa. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa figo hufariki kwa matatizo ya moyo, hata wale ambao hawakukosa zamu hata moja. Mashine haiponyi figo, inazishikia nafasi tu. Mume wako aliuawa na ugonjwa wa figo ulioletwa na presha, ugonjwa ambao wauguzi wake waliuona kwa macho kwenye kila kipimo. Miaka hiyo miwili aliyoipata, sehemu yake ilitokana na wewe kumfikisha pale kwa wakati.

Yule dada wa maombi nadhani anaipenda sura ya 11 ya Waebrania. Wengi tunaipenda, ila tunaisoma mpaka pale wanawake walipopokea wafu wao waliofufuliwa, tunasema amina, tunafunga Biblia. Mstari huohuo wa 35 unaendelea: wengine waliumizwa vibaya. Wengine walipigwa kwa mawe, wakakatwa kwa misumeno, wakatangatanga wamevaa ngozi za kondoo. Kisha mwandishi anasema hao wote walishuhudiwa kwa sababu ya imani yao. Hakuweka orodha mbili, ya walioamini sana wakapona na ya walioamini kidogo wakafa. Orodha ni moja. Na yule aliyepooza wa Marko 2, aliyeteremshwa kupitia darini, Yesu aliiona imani yao, ya wale wanne waliombeba. Mgonjwa mwenyewe hakuulizwa ana imani ya kiasi gani.

Kuhusu nabii nitasema wazi, na akisoma asome. Alikukosea. Wewe ni mwalimu. Unajua mtoto anapoghushi sahihi ya mzazi kwenye ripoti. Mzazi hajaiona ile ripoti, lakini karatasi inadai ameiona. Mtu aliyekutamkia kwa jina la Bwana kwamba mume wako amekwisha kupona, tena baada ya laki sita, alitia sahihi ya mwingine. Torati ina kipimo chake, Kumbukumbu la Torati 18:22: neno lililonenwa kwa jina la BWANA lisipotimia, BWANA hakulinena, "kwa kujikinai amelinena huyo nabii, usimwogope." Hilo la mwisho, usimwogope, lishike. Hudaiwi mbegu nyingine, na laana yake, kama aliitaja, haina pa kukushika.

Sisemi haya kana kwamba uzushi huwa kwa jirani tu. Mimi ni Mlutheri, na mwaka 2011 nchi nzima ilihamia kwa mwenzetu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, kijijini Samunge kule Loliondo, kunywa kikombe cha dawa yake ya mitishamba kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita na kilomita. Wagonjwa wengine walifia kwenye foleni, wengine waliacha dawa zao za kila siku kwa sababu waliamini kikombe kimemaliza. Miongoni mwao walikuwamo washarika wangu, na mimi niliwaaga kwa maombi, nikawaombea safari njema. Mtu mwenye mgonjwa ndani hashangazwi na foleni. Kwa hiyo usijicheke wala usijitukane kwa zile laki sita. Ulikuwa unampenda mumeo, ukaenda kila mlango uliokuwa na taa.

Sasa lile neno ulilosema usiku ule nje.

Soma Marko 3 kuanzia mstari wa 22 uone ni nani wanaoonywa. Ni waandishi waliotoka Yerusalemu. Wamemwona Yesu akiwafungua watu, macho makavu kabisa, wametulia, halafu wakaamua kusema kwamba nguvu ile ni ya Beelzebuli, mkuu wa pepo. Hawakuwa na uchungu wowote, na hawakujuta. Wewe ulikuwa mjane wa saa chache, umesimama gizani, mwili wa mumeo unasubiri kushushwa kaburini. Katika miaka yangu yote sijakutana na mtu mwenye moyo wa wale waandishi ambaye amekuja kwangu analia akiogopa kwamba ameifanya dhambi ile. Asiyemtaka Roho haogopi kumpoteza.

Na neno lenyewe, "mwongo", si geni kwenye Biblia yako. Yeremia, sura ya 15, alimwuliza Mungu kama atakuwa kwake kijito kidanganyacho, maji yasiyodumu. Anayejua mito ya msimu anaelewa tusi lile: unafika na ndoo, unakuta mchanga. Sura ya 20 akaongeza, "Ee BWANA, umenihadaa, nami nimehadaika." Mungu hakumfuta kazi ya unabii, na waliokusanya Maandiko hawakuifuta mistari ile. Ayubu alisema makali zaidi, na mwishoni waliokemewa ni rafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwa maneno mazuri.

Tena angalia ulimwambia nani. Hukurudi ndani ukawaambia waombolezaji kwamba Mungu ni mwongo. Ulitoka nje ukamwambia mwenyewe. Mtu hagombani na chumba kitupu. Unasema tangu usiku ule huwezi kuomba, nami nasema ile ndiyo sala yako ya mwisho kuisema kwa sauti, fupi na chungu. Zaburi ya 13 inaanza hivyohivyo: "hata lini" imerudiwa mara nne kabla mwimbaji hajaomba chochote. Zaburi ya 88 haina hata ule mgeuko wa kumsifu mwishoni ambao tumeuzoea. Inaishia gizani, na neno lake la mwisho ni giza. Karibu theluthi ya Zaburi ni maombolezo, lakini jaribu kuyahesabu yale tunayoyasoma Jumapili kwenye ibada zetu. Tumewafundisha washarika kushangilia, tukasahau kuwafundisha kulalamika. Ndiyo maana ulipofika msibani ulikuta huna maneno, ukadhani huna imani.

Wazee wako wa kanisa nawajua, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Nikiwa mchungaji mpya niliitwa wodi ya watoto. Mama mmoja amefiwa na kichanga. Nilisimama pembeni ya kitanda, nikasema, "Mama, kazi ya Mungu haina makosa." Alikuwa anakunja khanga ya mtoto. Akaniuliza, "Mchungaji, una watoto?" Nikasema ninao wawili. "Wazima?" Nikasema wazima. Hakuongeza neno. Aliendelea kuikunja ile khanga, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiganja, akaishika. Sijaitumia kauli ile tena. Ukiambiwa tena na mzee, huna haja ya kubishana naye; sema "asante mzee," uondoke. Wengi huisema kwa sababu ukimya unawatisha. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, na hapo walifanya vizuri sana. Waliharibu walipofungua midomo.

Na kama kuna anayekwambia Mkristo halii sana, mwulize kuhusu Luther, tunayejiita kwa jina lake. Binti yake Magdalena alifariki mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Mwezi huohuo alimwandikia rafiki yake kwamba yeye na mkewe walipaswa kushukuru kwa jinsi mtoto alivyoondoka salama, lakini hawawezi bila kulia na kuugua, hata kifo cha Kristo hakikuweza kuwaondolea uchungu ule wote kama ipasavyo. Aliyeandika ni mtu aliyehubiri ufufuo maisha yake yote.

Nimefika kwenye swali lenyewe, kama imani yako imekufa. Hapa naomba unifuate taratibu.

Wengi wetu tumefundishwa imani kama joto. Ikiwepo unaisikia, ukiimba mwili unasisimka, ukiomba machozi yanakuja. Joto likiondoka, tunasema moto umezimika, na dada wa maombi anatuagiza tukachochee. Lakini Kiswahili chetu kinajua jambo jingine. Imani, amini, mwaminifu na amana ni ndugu wa tumbo moja. Paulo, akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Amana hukaa kwa mwingine. Ukimpa mzee wa mtaa pesa zako akuwekee, ukaumwa, ukachanganyikiwa, ukasahau hata ni kiasi gani, pesa zipo. Zinategemea uaminifu wa aliyezishika, wala si kumbukumbu zako.

Wewe uko kwenye kikoba. Lile sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Sanduku lenyewe linalala nyumba nyingine. Mwenye akiba hana ufunguo hata mmoja. Akiba yake iko salama kwa sababu hiyohiyo: usiku ambao angetaka kuivunja kwa hasira au kwa shida, haiko mkononi mwake. Siku ya ubatizo wako, na kila mara ulipokwenda mezani pa Bwana, uliweka kitu kwenye sanduku ambalo hulali nalo. Miezi hii minane umejipapasa mifukoni hujakuta kitu, ukaamua umefilisika. Mimi nasema unatafuta mahali ambapo hakijawahi kuwekwa.

Kwa nini basi huhisi chochote? Sehemu ni msiba, na msiba una mwendo wake. Lakini kuna jambo lingine kwenye barua yako ambalo mchungaji asiyelitaja anakuwa amekuibia. Unaamka saa tisa usiku kila siku. Umepungua. Ulichokipenda, kuimba, kimekufa mdomoni. Unajilaumu kwa kifo ambacho hukukisababisha. Unatamani kutoamka. Hali kama hizi zikikaa kwa zaidi ya wiki mbili, siku nyingi kuliko siku chache, tunafikiria sonona. Sonona ni ugonjwa. Hugusa usingizi, hamu ya kula, nguvu, na ile sehemu yetu inayoonja utamu wa mambo. Mgonjwa wa sonona hali chakula akasikia ladha, hambebi mtoto akasikia furaha, na akisali hasikii kitu. Kwa mtu wa Mungu hilo la mwisho ndilo linalomtisha, kwa hiyo analihesabu kama habari kuhusu Mungu. Ni habari kuhusu mwili wake uliochoka. Ukiwa na mafua makali ukaonja mchuzi, huendi kumgombeza mpishi.

Sikuoni, kwa hiyo sikupimi kwa barua. Huzuni ya mjane wa miezi minane na sonona hufanana sana, na mara nyingine hukaa nyumba moja. Ndiyo sababu uende ukaonwe. Anza hospitali ya wilaya au ya mkoa, uliza kliniki ya afya ya akili. Najua watu wakisikia "akili" wanakumbuka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe pale Dodoma na utani wake wote. Wengi wanaotibiwa sonona hawalazwi popote. Wanarudi nyumbani na miadi ya mazungumzo, au dawa, au vyote viwili. Mweleze daktari mambo matatu bila kuyapamba: saa unayoamka, uzito uliopungua, na ule usiku wa kutamani kutoamka. Akuangalie pia damu, sukari na tezi ya shingo, kwa sababu kupungua na uchovu vina njia nyingi. Ukipewa dawa, jua kwamba nyingi huchukua wiki mbili mpaka nne kabla hujaona mabadiliko, nyingine sita, na maudhi madogo kama kichefuchefu au kinywa kukauka huja kabla ya nafuu. Usiziache ghafla, wala kwa sababu umeombewa. Mume wako alimeza dawa za presha na hakuna aliyemwambia hana imani.

Na huo mfungo wa siku 21, hapana. Hapo nakukataza kabisa, na kama mchungaji nina haki ya kukataza. Mfungo ni wa mwenye afya anayejinyima. Wewe mwili wako umeshafunga bila kukuuliza. Eliya alipolala chini ya mti wa mretemu na kusema "yatosha," malaika hakumletea somo. Alimgusa, akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili, chakula tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa mno kwake. Maswali ya Mungu kwa Eliya yalikuja baadaye sana, mlimani, baada ya siku arobaini. Kwa hiyo kula. Uji wa asubuhi kabla ya kwenda shule, kitu chenye chumvi mchana, na jioni kula pamoja na watoto hata kama ni vijiko vitano.

Saa tisa usiku nayo ina utaratibu wake. Saa ile mwili uko chini kabisa, nyumba kimya, hakuna wa kukupinga, na kila wazo linakuja limevaa joho la hakimu. Usimhukumu Mungu saa ile, wala usijihukumu. Kesi iahirishwe mpaka umekunywa chai. Ukishaona usingizi umekwisha, toka kitandani, kaa kwenye kiti, washa taa ndogo, shika kazi ya mikono. Ukitaka, soma Zaburi ya 88 kwa sauti ya chini, yote, bila kuongeza maombi yako. Hayo ni maneno ya mtu mwingine, ameyaandika ili asiye na maneno aazime. Kama hata hilo ni zito, tumia sala ya yule baba wa Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alikuwa na vyote viwili kwa mkupuo mmoja, na mtoto wake aliponywa. Siku nyingine kaa tu. Warumi 8 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, na kuugua hakuna sarufi.

Kuhusu kwaya sina jibu moja, na nakushauri usimwamini atakayekupa moja haraka haraka. Kubaki kuna faida yake. Mwalimu wenu wa kwaya lazima amewafundisha kwamba kwenye noti ndefu msivute pumzi wote pamoja: huyu anapumua, mwenzake anashikilia, na aliyekaa chini anasikia sauti moja isiyokatika. Anayevuta pumzi si mnafiki. Anapumua, wenzake wanamshikilia. Lakini kama kusimama mbele kunakuumiza, kama kila Jumapili unarudi nyumbani umevunjika zaidi, pumzika miezi mitatu. Sharti langu ni kwamba umwambie mwalimu wa kwaya, ili wajue umepumzika na wasidhani umepotea. Kaa benchi la nyuma, toka kabla ya matangazo ukitaka. Kuhama usharika kunafaa ikiwa maneno ya kukulaumu hayakomi. Hakufai ikiwa unahama kumtafuta nabii mwingine. Kuacha kanisa kabisa sitakutishia nako. Nimeona walioondoka wakarudi, na nimeona ambao hawakurudi. Ninachokihofia kwako ni upweke, yaani wewe na saa tisa mkabaki wawili.

Tafuta pia mchungaji wa kukaa naye ana kwa ana, mmoja, si kikundi. Mjaribu kwa sentensi ileile: "Nilimwambia Mungu ni mwongo." Akishtuka na kukukemea, mshukuru kwa muda wake, utafute mwingine. Akivuta kiti na kuuliza, "Usiku gani huo, nieleze," huyo anakufaa. Ila mchungaji hachukui nafasi ya daktari, wala daktari hachukui nafasi ya mchungaji. Nenda kwa wote wawili.

Sikuahidi kwamba ule uchangamfu wa zamani utarudi kama ulivyokuwa. Kwa wengine hurudi, mara nyingi polepole, usingizi ukianza kurudi kwanza. Kwa wengine huja kitu kingine, kimya zaidi, bila msisimko, na wao wenyewe huchukua muda kukitambua kuwa ni imani. Wala sitakueleza kwa nini Mungu hakumponya mumeo. Sina jibu hilo, na wanaokuja nalo mlangoni kwako hawalipati kwenye Biblia ninayoisoma mimi.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Kati ya watu waliolala kwenu siku za msiba, lazima kuna mmoja aliyekuwa anaosha vyombo bila kusema mengi. Leo, kabla hujazima taa, mtumie ujumbe: "Nikiamka saa tisa, naweza kukupigia?" Na akikubali, mpigie kweli.